Mchango wa Mgonjwa ni Kodi Isiyo na Risiti

"Ndugu, jamaa na marafiki, poleni na majukumu. Mwenzetu amelazwa tangu juzi na anatakiwa afanyiwe upasuaji. Familia imefika mwisho. Tunaomba tumshike mkono kwa chochote ulichojaliwa. Jina litakuja la mweka hazina. Tafadhali tuma na ya kutolea."

Sidhani kama kuna Mtanzania mzima mwenye simu ambaye hajapokea ujumbe wa aina hii, na Mkenya atautambua hata ukibadilishwa maneno mawili matatu. Huo ni mfuko wa afya. Hakuna Bunge lililouunda, hauna mkaguzi na haufungi hesabu mwisho wa mwaka, lakini kila siku unalipia vitanda, damu, vipimo na dawa kutoka Mtwara hadi Turkana. Ndiyo maana naona mjadala wa kama matibabu yalipiwe na kodi au na hisani ya watu binafsi huanzia mahali pasipo sahihi. Watu huanza kwa kudhani kwamba kodi ni lazima na mchango ni hiari. Kwa jinsi tunavyoishi, mchango nao ni kodi, tena ndiyo iliyopangwa vibaya kuliko zote tunazolipa.

Hebu tuitazame kwa jicho la afisa mapato. Kodi ni malipo ambayo ukiyakwepa unaadhibiwa. Jaribu kunyamaza kwenye kundi la ukoo mara tatu mfululizo, uone. Waliotoa wanaorodheshwa kwa majina, na asiyetoa anajulikana kwa kukosekana kwenye orodha. Siku mtoto wake akiugua, watu watakumbuka. Hiyo ni adhabu nzito kuliko faini ya TRA, kwa sababu faini hulipwa ikaisha.

Kiwango chake je? Hakifuati kipato, kinafuata ukaribu. Dada mwenye genge la nyanya atatoa mtaji wake wote kwa sababu mgonjwa ni kaka yake wa tumbo moja, na binamu mwenye kampuni ya ukandarasi atatuma elfu hamsini na kushukuriwa kwa emoji za mikono. Wanaotozwa ni ukoo wa mgonjwa, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Chukua watu wawili wenye kidole tumbo, wodi moja, daktari mmoja. Mmoja anatoka kwenye familia ya wahasibu na walimu wa sekondari, na kabla ya adhuhuri fedha zimetimia. Mwingine kwao ni wakulima watupu na ni mwezi wa Februari, ghala limebaki mabua. Ukoo mzima ukijipigapiga unapata theluthi. Fedha iliyobaki inatafutwa kwa kuuza ng'ombe, kuweka shamba rehani, kuuza pikipiki iliyokuwa inalisha nyumba. Mgonjwa anaweza akapona, lakini kaya imerudi nyuma miaka mitano. Maskini anatibiwa na maskini wenzake, na tajiri ambaye ukoo wake uko salama mwaka huo hatoi hata senti.

Kodi ya namna hiyo isingepita bungeni hata kwa siku moja. Tunaivumilia kwa sababu imevaa nguo ya upendo, na upendo wenyewe ni wa kweli. Sina ugomvi na anayetuma elfu tano yake ya mwisho kwa shangazi aliyelazwa. Ugomvi wangu ni na nchi inayomfanya yeye kuwa Hazina.

Tulianza na hisani, hilo tulikubali. Ukienda Muhimbili kumtazama mgonjwa utaelekezwa Mwaisela, Kibasila au Sewahaji. Jina hilo la tatu ni la Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuandaa misafara ya kwenda bara. Alifariki mwaka 1897. Kwa fedha zake ilijengwa hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, wakati ambapo Wajerumani walikuwa wakijijengea hospitali yao kule Ocean Road. Miaka ya 1950 ikaja hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili, na jina la Sewa Haji likahamia kwenye jengo la wodi. Alifanya jambo la heshima na anastahili kukumbukwa. Lakini anayelipa mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku katika jengo hilo leo si mirathi ya Sewa Haji.

Ukivuka bahari hadi Unguja, mbele ya bandari ya Mji Mkongwe kuna jengo zuri lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, watalii hulipiga picha kutwa. Lilianzishwa na Tharia Topan, tajiri mwingine wa Kihindi, mwaka 1887, kwa nia ya kuwa mahali pa kutibia watu. Alifariki 1891 kabla halijakamilika. Familia yake ikaliuza, tajiri mwingine akaja kulinunua na likatumika kama zahanati kwa miongo kadhaa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenyewe waliondoka, Serikali ikalichukua, likachakaa, mpaka lilipokarabatiwa miaka ya 1990 na kuwa kituo cha utamaduni. Bado linaitwa zahanati kuukuu (Old Dispensary), lakini hakuna anayetibiwa humo. Taasisi hizi mbili zilizaliwa karibu miaka ileile, zote kwa fedha za matajiri wenye moyo. Iliyobaki na wagonjwa ni ile ambayo gharama zake za kila siku zilipata mlipaji asiyekufa.

Hisani inaweza kazi fulani vizuri kuliko Serikali, na ni vema tukazitaja. Inaweza kujenga. Inaweza kuleta mashine. Inaweza kuleta madaktari bingwa kwa wiki moja wakafanya kambi ya macho, wakawafungua wazee mia waliopofushwa na mtoto wa jicho, au wakarekebisha midomo sungura. Rotary walianza kampeni yao ya polio mwaka 1985 na dunia ikakaribia kuumaliza kabisa ugonjwa ule. Serikali nyingi zisingejitoa vile bila kusukumwa. Kazi hizi zote zina mwanzo na mwisho, na zina picha. Mtoa fedha anaona alichokifanya.

Sasa mwulize mgonjwa wa figo. Anatakiwa kusafishwa damu mara mbili hadi tatu kwa wiki, wiki hii, wiki ijayo na mwakani, maisha yake yote au mpaka apate figo ya kupandikizwa. (Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza Novemba 2017, hatua kubwa kwa nchi.) Ujumbe wa kwanza kwenye kundi utaitikiwa. Wa pili pia. Kufika mwezi wa tatu watu wameanza kuuzima mlio wa simu, na siwalaumu, wana ada za shule na wagonjwa wengine. Ndugu huchoka kabla ya ugonjwa kuchoka. Ni hivyohivyo kwa insulini, dawa za shinikizo, dawa za kifafa. Magonjwa yanayoua Watanzania wengi zaidi kila mwaka unaopita ni haya ya kudumu, yasiyo na siku ya mavuno ambapo mchangiaji anaweza kusema tumemaliza.

Na kuna fedha ambazo hakuna mfadhili anayependa kuzitoa: mshahara wa mfamasia, umeme wa jokofu la chanjo, dizeli ya gari la wagonjwa, glavu, sabuni, bando la kutumia mfumo wa kumbukumbu. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya glavu. Zahanati inaweza kupewa jengo la wafadhili lenye bango la jina lao mlangoni, ikafungwa kwa sababu mganga pekee alihamishwa na hakuna kibali cha ajira mpya.

Wapo wanaosema tatizo ni ukubwa tu, kwamba matajiri wakijitoa vya kutosha tutafika. Aprili 2020, wakati Korona imeitikisa Uingereza, mzee wa miaka 99 aitwaye Tom Moore aliamua kuzunguka bustani yake mara mia kabla ya kutimiza miaka mia, akichangisha kwa ajili ya mashirika ya hisani yanayosaidia hospitali za umma. Dunia nzima ilimchangia. Alikusanya zaidi ya pauni milioni 30, moja ya michango mikubwa kuwahi kuanzishwa na mtu mmoja. Hospitali za umma za England peke yake hutumia zaidi ya pauni bilioni 100 kwa mwaka. Piga hesabu: fedha za mzee yule, pamoja na uzito wake wote wa heshima, hazifikishi nusu siku ya matumizi. Waingereza waliyajua haya zamani. Kabla ya 5 Julai 1948, hospitali zao nyingi ziliendeshwa kwa sadaka, na wauguzi walikuwa wakiingia mitaani na makopo kuchangisha. Aneurin Bevan, waziri aliyesimamia mabadiliko yale, alisema waziwazi bungeni kwamba jambo hilo lilikuwa likimkirihi.

Lakini hata kama fedha za hisani zingetosha, lingebaki swali linalonisumbua zaidi: nani anachaguliwa? Mchango hufuata hadithi. Mtoto wa miaka minne mwenye tundu kwenye moyo, picha yake ikisambazwa, atachangiwa mpaka na wasiomjua. Inapendeza. Basi jaribu kuchangisha kwa ajili ya mtu wa miaka 45 ambaye ini limeharibika kwa pombe. Jaribu kwa ajili ya mgonjwa wa akili wa hospitali ya Mirembe ambaye ndugu zake wanamficha. Jaribu kwa mwanamke anayevuja mkojo kwa fistula, ambaye hataki hata jirani ajue. Jaribu kwa mzee wa tezi dume asiye na simu janja wala mjukuu wa mjini. Hisani inamtaka mgonjwa awe mzuri wa sura, mwenye haya ya kiasi, asiye na kosa katika ugonjwa wake, na awe tayari kuuanika mwili wake mbele ya watu ili apate matibabu. Kodi ikiwa imepangwa vizuri haimtazami usoni. Inamlipia mlevi na mchungaji kwa dirisha lilelile.

Hospitali za dini hutajwa sana katika mjadala huu, kwamba ndizo ushahidi kuwa hisani inaweza. Nazijua, nimezitumia, na mara nyingi zimekuwa safi na zenye adabu kuliko za Serikali. Ila tutazame fedha zinavyokwenda. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilijengwa na Kanisa Katoliki ikafunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata Serikali ikaichukua, na 1985 ikairudisha kwa Kanisa kwa makubaliano ya kuendesha kwa pamoja. Sehemu kubwa ya watumishi wake wanalipwa na Hazina. Wilaya nyingi ambazo Serikali haikujenga hospitali zake, ya misheni ndiyo iliyofanywa Hospitali Teule: Kanisa lina majengo na menejimenti, Serikali inaleta ruzuku, dawa na mishahara. Mwaka 1992 Serikali na makanisa waliweka utaratibu huu kwenye hati ya makubaliano, kwa sababu misaada ya misheni kutoka Ulaya ilikuwa ikipungua na sadaka za waumini wa hapa zisingeweza kuziba pengo. Kwa hiyo anayeisifu hospitali ya misheni kama mfano wa hisani anasifu, bila kujua, kazi ya kodi iliyoendeshwa na mikono yenye nidhamu. Hilo ni funzo kubwa, lakini funzo lake ni juu ya usimamizi.

Tulishawahi pia kujaribu njia ya katikati, ya kila mtu kulipa kidogo dirishani. Baada ya uhuru, matibabu katika hospitali za Serikali yalikuwa bure kwa mgonjwa. Miaka ya 1980 uchumi ulipodidimia, ubure ukabaki kwenye sera na dawa zikatoweka kwenye rafu. Mwaka 1993 ikaanza sera ya uchangiaji wa gharama, kukiwa na shinikizo la Benki ya Dunia na wafadhili, na maskini wakaahidiwa msamaha. Aliyewahi kuufuatilia msamaha huo anaujua: barua ya mtendaji, mhuri, kwa afisa ustawi wa jamii, maelezo ya umaskini wako mbele ya foleni. Wengi huona bora wakope. Kenya ilianza ada Desemba 1989, ikaona wagonjwa wanatoweka vituoni, ikazisitisha 1990, ikazirudisha tena. Uganda ilizifuta katika vituo vya umma mwaka 2001, na waliofurika vituoni mara baada ya hapo walikuwa hasa maskini. Watu wale hawakuugua ghafla mwaka ule. Walikuwa wamekaa nyumbani na magonjwa yao. Ni kweli pia kwamba dawa ziliwaishia Waganda baadaye, kwa sababu ada iliondolewa bila kodi ya kutosha kuchukua nafasi yake. Kufuta ada bila kuweka fedha nyingine ni kumhamisha mgonjwa kutoka dirisha la malipo hadi duka la dawa la nje.

Pale msamaha na mchango vinaposhindwa, tunafika kwenye jambo la aibu: kumshikilia mtu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya, Jaji Mumbi Ngugi, ilitoa hukumu katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua, kwa sababu ya bili. Mahakama ilisema ni kinyume cha Katiba. Huku kwetu Wizara ya Afya imelazimika kutoa maagizo zaidi ya mara moja kwamba maiti zisizuiwe kwa ajili ya deni. Agizo kama hilo linaporudiwa, ujue linavunjwa. Nami siwaoni wakuu wa hospitali kama watu wakatili. Hospitali inayotakiwa kujiendesha kwa makusanyo ya dirishani itageuka mdai, hata ikiongozwa na mtakatifu.

Kisha ikaja Januari 2025. Tangu 2003, kupitia mpango wa PEPFAR, Marekani imelipia sehemu kubwa ya mapambano ya UKIMWI katika nchi zetu: dawa, maabara, wahudumu, baiskeli za watu wa kufuatilia wagonjwa vijijini. Mamilioni wako hai kwa sababu hiyo, na shukrani ni wajibu. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump, siku aliyoapishwa, alisitisha misaada ya nje kwa siku 90, na ndani ya nusu mwaka shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limefungwa. Wahudumu walipewa barua za kusitishwa kazi, na kliniki zilizowategemea zikabaki na foleni bila watu wa kuihudumia. Hakuna Mtanzania wala Mkenya aliyepigia kura uamuzi ule, na hakuna mahakama ya hapa ambayo mgonjwa angeweza kuiendea.

Tunasahau kwamba PEPFAR kule ilikotoka ilikuwa kodi. Mwalimu wa Ohio na dereva wa lori wa Texas walikatwa mishahara yao. Ilipovuka bahari ndipo ikawa hisani, kwa sababu mpokeaji hakuwa na neno la kusema kuihusu. Shilingi inaweza kuwa ileile. Kinachotofautisha ni kama mgonjwa ana mahali pa kusimama na kudai. Zimbabwe, nchi yenye matatizo ya uchumi kuliko yetu, tangu mwaka 2000 inatoza asilimia 3 juu ya kodi ya mapato kwa ajili ya mfuko wa UKIMWI. Mfumuko wa bei uliitafuna fedha hiyo vibaya kufikia 2008, lakini tozo ilibaki, na wafadhili walipoyumba kulikuwa na kitu mkononi. Sisi tuliamka baada ya kuangukiwa: bajeti ya 2025/26 ndiyo iliyoweka tozo mahususi, zikiwemo za mafuta, kwa ajili ya mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Imechelewa, lakini naiunga mkono.

Nasikia hoja kutoka upande wa pili, na ni hoja nzito. Watu hawaiamini Serikali na fedha zao. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, kati ya Sh10 na Sh10,000 kwa muamala, nchi ilinung'unika mpaka ikapunguzwa Septemba, na baadaye ikaondolewa hatua kwa hatua. Serikali ilieleza kwamba fedha zile zinajenga vituo vya afya na madarasa, na vituo vilijengwa kweli, katika tarafa ambazo hazikuwa navyo. Bado watu waliichukia. Watu haohao ambao wiki ileile walikuwa wakituma michango ya wagonjwa kwa simu zilezile, wakikatwa tozo juu ya mchango. Kwa nini waliona uchungu wa Sh500 ya tozo kuliko Sh20,000 ya mchango?

Kwa sababu mchango una jina na majibu. Mweka hazina anatangaza: tumepata kiasi hiki, tumelipa hospitali hiki, kimebaki hiki, mgonjwa amefanyiwa upasuaji salama. Kodi inaingia mahali ambapo mlipaji haoni tena. Anachokiona ni zahanati ya kijiji chake ambako anaandikiwa dawa akanunue nje, na kila mwaka taarifa ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yenye mabilioni yaliyolipwa kusikoeleweka. Wakenya walishuhudia sakata la vifaa vya Korona pale KEMSA, mamlaka yao ya kununua dawa na vifaa tiba, mwaka 2020, watu wakitajirika kwa barakoa. Ukimwambia mtu kama huyo kodi iongezwe kwa ajili ya afya, anaona unamwomba amwongezee mwizi mshahara. Simlaumu. Lakini ninapinga anapohitimisha kwamba basi tubaki na makundi ya simu. Ukiukimbilia mchango unamwacha mwizi na kodi unayoilipa tayari, na unaongeza kodi ya pili juu yake. Maana maskini analipa kodi, tusidanganyane. Kila anaponunua sabuni, soda au muda wa maongezi, VAT ya asilimia 18 imo ndani. Mama lishe asiye na namba ya mlipakodi amekuwa akiichangia Muhimbili tangu VAT ianze, na siku akiugua anaambiwa alipie kwanza.

Njia tuliyoichagua sasa ni bima, nami nina wasiwasi nayo kwa sababu moja. Bima ya kulipia kwa hiari katika nchi ambayo wengi hawana mshahara hufanya kama mchango: wanaojiunga ni wale ambao ugonjwa umeshabisha hodi. Toto Afya Kadi, bima ya watoto, ilitufundisha. Mzazi alilipa Sh50,400 kwa mwaka, mtoto akatibiwa hadi rufaa. Wazazi wa watoto wagonjwa walijiunga kwa haraka, wa watoto wazima wakasubiri, na Machi 2023 NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ikasitisha usajili wa mmoja mmoja kwa sababu mfuko ulikuwa unalipa kuliko unavyokusanya. Wazazi waliojiunga hawakufanya hila yoyote, walifanya hesabu ambayo mzazi yeyote angeifanya. CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, wa Sh30,000 kwa kaya ya watu sita nao ulihangaika na jambo hilohilo mwaka hadi mwaka.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilikwama bungeni mwaka 2022 kwenye swali hilihili: asiyeweza atalipiwa na nani? Ilipopita Novemba 2023, jibu lililoandikwa lilikuwa ushuru: sehemu ya makusanyo kutoka vinywaji baridi, vileo, vipodozi, michezo ya kubahatisha na kadhalika iende kwenye mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Nadhani wengi hawajaona uzito wa kifungu kile. Kwa mara ya kwanza sheria yetu inakiri kwamba maskini hatatibiwa kwa barua ya mtendaji wala kwa huruma ya ukoo, bali kwa fedha iliyotozwa kwenye chupa ya bia na mkeka wa kubeti. Ghana walifanya jambo linalofanana tangu 2003: tozo ya asilimia 2.5 inayokwenda sambamba na VAT, na hadi leo sehemu kubwa ya mapato ya bima yao inatoka huko, wala si kwenye ada za wanachama. Wamepata matatizo yao, Hazina ikichelewesha fedha na hospitali zikidai. Lakini wanajua wanamdai nani.

Hapo ndipo ningependa nguvu zetu ziende. Viongozi wa Afrika walikutana Abuja Aprili 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Robo karne baadaye Tanzania bado iko mbali na kiwango hicho, na Kenya vilevile. Hisani ibaki na kazi zake: kambi za macho, mashine, utafiti, kumnunulia mgonjwa chakula na nauli ya ndugu wa kumuuguza, mambo ambayo bajeti haiyafikii. Lakini kitanda, daktari, dawa na kipimo viwe vimeshalipwa kabla mgonjwa hajaugua.

Bajeti ya Wizara ya Afya husomwa Dodoma kila mwaka. Wabunge hutumia muda mwingi kuomba gari la wagonjwa kwa ajili ya jimbo, au jengo la mama na mtoto. Ningetaka mmoja wao asimame aulize ushuru uliotajwa kwenye sheria ile ulikusanya kiasi gani mwaka jana, shilingi ngapi zilifika kwenye mfuko wa wasio na uwezo, na kaya ngapi katika wilaya yake zina kadi hai iliyolipiwa na mfuko huo. Kisha majibu yabandikwe ukutani katika kila zahanati, karibu na dirisha la dawa, kiasi kilichoingia na kilichotumika, kila robo mwaka, kama mweka hazina wa ukoo anavyofanya bila kulazimishwa na mtu.